Hirizi Niliyokunyima

Danieli mwanangu,

Salamu ningekupa kwa mdomo, maana uko chumba cha pili na kikohozi chako nakisikia hapa ukutani. Lakini mimi na wewe tumenuniana tangu juzi, na najijua, nikianza kusema nitalia. Nikilia utadhani nimeletewa habari mbaya na ninakuficha. Sina habari yoyote. Nina hofu tu, nayo imenishuka mpaka vidoleni, ndiyo maana mwandiko wangu umekaa kama kuku amepita juu ya karatasi. Ulizoea kuzicheka herufi zangu. Leo zicheke upendavyo.

Mambo ya njiani sitakuandikia. Mjomba wako alibeba mizigo ya misafara kabla hujazaliwa, naye ameshakueleza jinsi ya kusokota kata ya kichwani, maji ya kuyakwepa na miguu ya kuipaka mafuta. Jumbe ametuambia kwamba mtabeba mizigo ya Wadachi katika vita vyao na Waingereza mpaka mtakapopata wa kuwapokea, kisha mtarudi. Nilimwitikia kwa adabu, lakini sikumwamini. Wapo vijana wa Kibakwe waliotangulia kuchukuliwa, na mama zao nikikutana nao kisimani hawaniulizi hali, wanauliza kama nimesikia neno. Basi huko tusiende.

Nataka tuseme habari ya hirizi.

Ulikuja juzi nikiwa nasaga, na kipande cha ngozi ya mbuzi mkononi, umekikata vizuri na kukilainisha kwa mafuta. Ukaniomba niandike ule wimbo wa Mwalimu Yakobo katika karatasi ndogo, niushone ndani ya ngozi, uuvae shingoni. Ukasema Juma, mtakayekwenda naye, anayo yake, mama yake amemshonea, na kwamba mtu hawezi kwenda vitani shingo tupu. Nikakataa. Ukauliza kwa nini. Nikakwambia askari watakupekua, watakuta maandishi ya misheni, na kwa kuwa wazungu wa misheni yetu ni Waingereza, watasema wewe ni mpelelezi. Ukanitazama, ukaiweka ngozi juu ya jiwe langu la kusagia, ukatoka. Usiku ule hukula.

Ulijua sijasema kweli yote. Uliponitazama vile nilijua umejua. Habari ya askari ni ya kweli na bado naiogopa, ila niliikimbilia kwa sababu ilikuwa karibu. Na wala usidhani namdharau mama yake Juma. Yule mama ana sala zake na uchungu wake, na amefanya alichofundishwa kwao Kondoa. Ningemkuta njiani leo tungeshikana mikono. Nilikukatalia kwa ajili ya dada yako Mariamu.

Unajua tu kwamba alikuwapo na akafa. Baba yako hakupenda isemwe zaidi ya hapo, na alipokufa yeye mwenyewe mimi nikaendelea kunyamaza kwa mazoea. Sasa sikiliza.

Nilipokuja misheni ya Mpwapwa nilikuwa msichana mkubwa, mkaidi, na sababu iliyonileta haikuwa Mungu. Nilitaka kujua zile alama zinasema nini. Aliyetufundisha ni Mwalimu Yakobo, aliyekuwa mpagazi zamani, mtu wa mbali aliyeugua njiani, msafara ukamwacha, misheni ikamwokota. Wewe ulimkuta mzee, ameshaletwa kufundisha huku Kibakwe. Wakati wetu alikuwa na nguvu na sauti ya ng'ombe dume. Nyimbo tulizopewa kitabuni zilisema habari za mawimbi na merikebu. Sisi watu wa nchi kavu tuliziimba kwa bidii bila kujua tunaimba nini. Mimi kwa miaka niliamini kwamba nanga ni aina ya jembe. Mwalimu Yakobo aliyeiona bahari kwa macho yake alikuwa akitucheka, na nadhani ndiyo sababu alitutungia wimbo wa kwetu. Unaujua, lakini niuandike, maana nina haja nao:

Bwana, usiku na uwe,
fisi nao wasogee;
wewe pita, nisikie
hatua zako zizini.

Sina mlango wa chuma,
wala ukuta wa nyuma;
nina jina lako, Mwema,
nalala nalo kichwani.

Tuliupenda siku ile ile. Lakini ule mstari wa pili ulitutia shida. Unajua kwetu jina la yule mnyama halitajwi giza likishaingia, watu husema "yule wa porini" au hunyamaza, wasije wakamwita. Na huyu Mwalimu anatufundisha kumkaribisha kwa wimbo! Wanawake wakakubaliana kwamba wimbo huo uimbwe mchana tu. Jioni ukiimbwa, mstari wa pili tunauvuta puani, mmm, mmm, mpaka upite. Mwalimu akasikia, akakunja uso, akasema tukiutoa mstari huo hakuna wimbo. Tukamwona mgeni asiyejua mambo.

Niliolewa na baba yako, nikaenda kukaa kwao upande wa vilima vya Kibakwe, kwa bibi yako. Mimi peke yangu katika tembe lile nilijua kusoma, na nilitembea kama mtu aliyejitwika mtungi, shingo juu. Mariamu akazaliwa. Akaanza kusema mapema. Alikuwa na tabia ya kumsalimu kila mtu shikamoo, hata ndama.

Mtoto akaugua kifua wakati baba yako akiwa safarini na msafara, na wewe ukiwa tumboni mwangu. Ilianza kama mafua. Kisha nikaanza kuziona mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi. Bibi yako, ambaye hakukanyaga kanisani mpaka kufa kwake, akasema tumbebe tumpeleke Mpwapwa, kwa yule mama mzungu mwenye dawa. Yeye mwenyewe alikuwa tayari ameshatoa kaniki ya kumfungia mgongoni. Nami nikasema hapana.

Nimejiuliza mara nyingi nilikataa kwa nini. Njia ilikuwa ndefu na nilikuwa mzito, hiyo ni kweli. Lakini kulikuwa na kiburi pia. Tangu niingie nyumba ile nilikuwa nawaambia kwamba dawa za kufunga shingoni ni giza, kwamba sisi wasomaji tuna neno lenye nguvu. Sasa mtoto anaumwa mbele ya macho yao. Nikaona hii ndiyo siku ya kuwaonyesha. Nikachukua karatasi, nikaandika wimbo wa Mwalimu Yakobo, nikaikunja, nikaifunga kwa uzi wa ngozi, nikamvika Mariamu. Na nilipokuwa naandika, Danieli, nilifika kwenye mstari wa pili. Nikauruka. Nilisema moyoni, nani atamwandikia mtoto mgonjwa habari ya fisi?

Nikakaa kando yake, nikawa nauimba ule ubeti pungufu na kuurudia. Nilihesabu marudio kama mganga anavyohesabu mizizi. Bibi yako alikuja, akatazama, akatoka, akarudi. Mara ya mwisho aliponiomba tumpeleke, nilimwambia asiniharibie imani. Maneno hayo niliyasema kwa mama mkwe wangu. Mariamu akafa asubuhi, watu wakikamua ng'ombe.

Kabla ya kumwosha, bibi yako alimfungua ile karatasi shingoni, akanipa, akasema, "Nisomee. Nataka kujua ulimfunga nini mjukuu wangu."

Nikamsomea. Haikunichukua muda, mistari ilikuwa michache, na mmoja sikuuandika. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ndiyo hiyo tu?"

Nikaikunja tena karatasi. Wala hakunisema tena, siku ile wala baadaye, na ingekuwa nafuu kwangu kama angenisema. Niliitia karatasi motoni. Nikauchukia wimbo, nikamchukia Mwalimu Yakobo, na Yule aliyetungiwa wimbo huo nikaona amenidanganya. Jumapili nilikwenda katika kanisa dogo la hapo Kibakwe kwa sababu ya macho ya watu. Watu walipoimba nilifungua mdomo na kuufunga.

Sasa nikueleze usiku mmoja, kisha sitakusumbua tena na habari za zamani. Ulikuwa umezaliwa, unanyonya. Baba yako alikuwa amerudi. Mvua zilikuwa zimekawia, wanyama porini wana njaa, na fisi walikuwa wanakuja mpaka nyuma ya tembe. Usiku huo walikuja wengi. Ng'ombe wakaanza kupigana vikumbo zizini, ndama wanalia, wewe ukaamka ukalia nao. Mkuki wake baba yako alikuwa amemwazima mtu. Nikamwambia asitoke. Akatoka hivyo hivyo, mikono mitupu, na nilingoja kusikia kelele au kishindo. Sikusikia kishindo. Nilisikia anatembea. Alikuwa anazunguka katikati ya ng'ombe taratibu, anakohoa, anasema na huyu, anampiga yule kofi la mgongoni kama anavyofanya mchana. Ng'ombe wakatulia mmoja mmoja. Na wewe ukatulia.

Fisi hawakuondoka. Hilo ndilo nataka ulishike. Niliwasikia nje ya ukuta mpaka kulipokucha. Walikuwapo, na baba yako alikuwapo, na ng'ombe wamelala.

Mstari wa pili ukanijia wenyewe, kwa sauti ya Mwalimu Yakobo, nami sikuwa nimeuita. Nikaona kwamba niliutoa mstari uliokuwa na maana yote. Wimbo ule haukusema kwamba fisi hatakuja. Ulisema atakuja, usiku utakuwa usiku, na katika usiku huo huo kuna Mtu anatembea. Mimi nilitaka ukuta wa nyuma, na wimbo wenyewe unasema waziwazi ukuta huo haupo. Nilikuwa nimeimba miaka yote hiyo na sijausikia.

Usidhani niliruka kwa furaha. Nililia kwa hasira, nikauma nguo ili baba yako asisikie. Kwa nini nielewe baada ya mtoto kuzikwa? Mpaka leo sina jibu, na akija mtu akakwambia analo, mpe kigoda akae, mpe maji anywe, lakini usimwamini upesi. Sijui kwa nini Mariamu hakupona. Ninachojua ni kwamba tangu usiku ule niliweza kuimba tena, kwanza nikiwa jiweni nasaga uwele, kwa sauti ndogo, kisha kanisani. Na mara nyingine, si kila mara, nikiimba nasikia kwamba siko peke yangu. Zikipita siku nyingi bila kusikia kitu naimba tu, kama mtu anavyoendelea kumsemesha mwenzake gizani bila kujua kama bado yu macho.

Hapo ningeliacha, lakini kuna kosa jingine na hili linakuhusu wewe.

Mwalimu Yakobo alipozeeka alinipa watoto niwafundishe nyimbo, na wewe ukiwamo. Ningekuwa na akili ningewaambia haya niliyokuandikia. Badala yake nilishika fimbo. Nani asiyekumbuka fimbo yangu ya mkole? Mkikosea mstari, kiganja. Nilitaka msiruke hata neno, kwa sababu mimi niliruka, na sikuwaambia sababu. Wewe uliujua wimbo mzima kabla hujaota meno ya pili, watu wakakusifu, nikavimba kichwa. Nilikunywesha wimbo kama mtoto anavyonyweshwa dawa chungu, amebanwa pua. Sasa umekuwa mwanamume, una hofu, unakuja kwangu kuomba dawa ile ile, na mimi nashangaa umeyatoa wapi mawazo hayo. Umeyatoa kwangu. Kwa hasira ile ya juzi nilikuwa najikasirikia mwenyewe, ila wewe ndiye uliyekuwa mbele yangu.

Naogopa nini? Nakuandikia waziwazi, kwa kuwa usoni kwako nitajifanya jasiri. Naogopa risasi, homa, njaa, na mizigo inayozidi kimo chako. Naogopa kwamba nina mtoto mmoja tu duniani na kesho atakwenda upande nisioujua hata jina. Na tukiacha hayo, kuna hofu nyingine inayoniamsha. Naogopa kwamba utavaa ngozi ile shingoni, utaiamini kama nilivyoamini karatasi ya Mariamu, na siku moja mwenzako ataanguka kando yako, au wewe utaugua, utaishika na kuona haikufanya kitu. Utaitupa porini, na wimbo utautupa pamoja nayo. Mimi nilipoutupa nilikuwa nyumbani, nikapata baba yako wa kutembea zizini. Wewe utakuwa kwa nani? Hofu yangu ya kwanza ni kwamba hutarudi. Ya pili ni kwamba utarudi umenyamaza, unafungua mdomo na kuufunga, na mimi nitajua maana yake kuliko mtu yeyote.

Nimefika hapa nikasimama, nikaenda kukuchungulia. Umelala chali na mguu nje ya ngozi ya kulalia, kama ulivyokuwa ukilala utotoni. Nilikuwa nimekusudia kumaliza barua kwa kusema hapana yangu inabaki hapana, na nimekupa sababu, ukue. Nilikuwa nimeshayapanga maneno.

Lakini nimerudi nikakiona kile kipande cha ngozi bado kiko juu ya jiwe, mahali ulipokiacha. Hukukichukua wala hukukitupa. Nimeshindwa, Danieli. Nimekaa na sindano.

Hirizi yako imo ndani ya mfuko wako, chini ya unga. Nimeandika wimbo wote, beti zote mbili, na mstari wa fisi nimeuandika kwa herufi kubwa kuliko yote. Nimeandika wazi, ili askari akiifungua aone ni maombi tu, tena ya mpagazi mwenzako wa zamani. Jina la misheni sikulitia, wala lako, wala langu.

Ila sikuishona kama mama yake Juma alivyoshona. Juma mwenyewe aliniambia hirizi yao haifunguliwi, ikifunguliwa imekufa. Yako nimeishona kwa uzi mmoja dhaifu, mshono wa kuvutwa kwa meno ukakatika. Nakuomba uifungue. Usingoje siku yako mbaya. Ifungue siku utakapomkuta mwingine, yeyote yule, anayeogopa kuliko wewe, na huko mnakokwenda hutamkosa. Mkalie kando. Msomee polepole, na mstari wa pili usiuruke, hata kama ni usiku, hata kama unawasikia nje. Kisha karatasi mwachie. Wewe hutaihitaji tena, maana mtu akishamwimbia mwenzake wimbo, ameusikia.

Hayo ndiyo ninayoyataka kama mwalimu wako na kama mtu wa kanisa, na ninayataka kweli.

Lakini mimi ni mama yako kwanza. Ukitokea pale njiani, kesho kutwa au mwaka gani, na ile ngozi iko shingoni, haijaguswa, uzi wangu wote umo, sitakuuliza kitu. Nitafurahi tu, Mungu anisamehe.

Mama yako,
Raheli